Mkaguzi wa Marobota

Mtendaji wa kata alikuwa na kasoro moja kubwa: hakuweza kuona barua yenye kosa akaiacha ipite. Mwalimu Stephania wa fizikia alimwandikia kuomba atafutiwe mtu mzima mwenye uzoefu, awe mkaguzi wa usalama katika mashindano ya maroboti ya shule za sekondari. Mtendaji aliisoma barua ile mara mbili, akamsikitikia mwalimu, akachukua kalamu nyekundu. Maroboti ndiyo nini? Hapa Bariadi hata mtoto wa chekechea anajua ni marobota, yale mafurushi makubwa ya pamba iliyochambuliwa na kushindiliwa kwa mashine, yanayopakiwa kwenye malori kila msimu. Akafuta "i" akaweka "a", mara saba, barua nzima. Na mkaguzi wa marobota hakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Alikuwepo mmoja, nyumba ya nne kutoka ofisini, amestaafu na hana kazi.

Boniventura Luhende alikuwa amekagua marobota kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka mitatu ya kustaafu ilikuwa imemtesa, na ilikuwa imemtesa mkewe Nyanjige zaidi. Mtu aliyezoea kukagua haachi eti kwa sababu kapewa cheti na saa ya ukutani. Alikagua magunia ya mahindi ya Nyanjige, akakagua kuni alizonunua, akakagua hata mkate kwa kuubonyeza ubavuni mbele ya mwenye duka, mpaka mwenye duka akaomba awe anatumwa mtu mwingine.

Barua ilipofika, Nyanjige aliisoma kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. "Baba Wilhelmina, nenda. Nenda hata leo."

"Ni Jumamosi, mama."

"Mbali hivyo?"

Jumamosi asubuhi Boniventura alivaa koti lake jeupe la kazi, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akachukua na ile ndoano ya chuma ya kuchomolea pamba katikati ya robota ili kuona kama wakulima hawakuficha mchanga humo ndani. Alitembea katikati ya barabara. Hata pikipiki zilimpisha.

Mlangoni mwa ukumbi wa mashindano alimkuta Mboje, mlinzi, ameketi kwenye stuli.

"Mwangaluka, Boni," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Na hiyo ndoano? Samaki wako Lamadi, hapa utavua nini?"

Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kumtania Boniventura akiwa ndani ya koti lile. Mboje alikuwa fundi mitambo kiwandani hadi miaka kumi na moja iliyopita, siku alipopoteza jicho la kulia. Tangu hapo akawa mlinzi wa ukumbi. Walikuwa marafiki kabla hata ya kuoa.

"Marobota yameshaletwa?" Boniventura aliuliza.

"Mimi nimeona watoto wanaingia na vigari," alisema Mboje. "Labda pamba iko ndani ya vigari."

Ndani kulikuwa na meza tano, na juu ya kila meza kitu chenye magurudumu, nyaya na mkono mmoja wa chuma. Pamba haikuwepo hata ya kusafishia sikio. Mwalimu Stephania, mwanamke mfupi mwenye haraka, alimshika mkono kwa mikono miwili, akambandika beji kifuani. Boniventura aliiinamia akaisoma. MKAGUZI WA USALAMA – MAROBOTI. Akaisoma tena ile herufi ya mwisho. Mambo yote yakamjia kwa pamoja, na jasho likafuata.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesema, samahani mwalimu, kuna kuchanganyana. Alikuwa ameshafungua kinywa. Lakini Mwalimu Stephania aligeuka, akapiga makofi mara mbili, akatangaza, "Mkaguzi amefika!" na wanafunzi wote, zaidi ya hamsini, wakasimama.

Kwa miaka mitatu hakuna kiumbe kilichosimama kwa sababu ya Boniventura, isipokuwa mbuzi aliyemlalia njiani. Kinywa kikajifunga chenyewe. Akaongozwa hadi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akawekewa chupa ya maji na mwongozo wa kurasa arobaini kwa Kiingereza, akajiambia kwamba atasema baadaye kidogo.

Baadaye kidogo alikuwa anakagua. Angefanyaje? Alikagua kwa njia pekee aliyoijua. Alifika kwenye meza ya kwanza, ya timu ya Maswa, akalipiga roboti lao kofi zito ubavuni, kama linavyopigwa robota ili usikie limeshindiliwa vipi. Gurudumu moja likachomoka likaenda zake chini ya meza.

"Mnaona?" alisema Boniventura, ambaye moyo ulikuwa umemruka. "Hiki kitu kingeingia uwanjani hivi?"

"Hapana, mzee," walijibu, wakiwa na aibu, na Mwalimu Stephania akaandika kwenye daftari lake.

Meza ya pili walikuwa vijana wa Zagayu. Boniventura aliuliza swali alilouliza kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. "Unyevu ni kiasi gani?"

Wakatazamana. "Hatujapima, mzee."

"Hamjapima!"

"Ni kweli kabisa," alidakia Mwalimu Stephania. "Juzi wamelisafirisha kwenye mvua. Saketi zikilowa je? Fungueni, kausheni." Walipofungua, maji yakamwagika kikombe kizima. Meza ya tatu, ya Lalago, aliuliza kama wamechanganya na mchanga, na kijana mmoja akakiri kinyonge kwamba mchanga upo, umeingia kwenye gia. Habari zikaenea ukumbini kwamba mzee yule haoni haya wala hana mchezo, na anajua maroboti kuliko walioyatengeneza. Boniventura mwenyewe alianza kuamini. Kumbe tofauti ya roboti na robota ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Ndipo akafika meza ya nne.

Hii ilikuwa ya wasichana wa Nkololo, na kila mtu ukumbini alijua ndiyo itakayokwenda Dodoma kwenye fainali. Kiongozi wao, Flora, alikuwa msichana mrefu wa kidato cha tatu, miwani yake ya kinga kaivaa kwenye paji la uso, mahali ambapo hapana jicho la kukingwa.

"Shikamoo babu. Wenzetu wengi wanatumia mota, zinachelewa," alisema. "Sisi tunatumia upepo. Unajazwa na kompresa kwenye mtungi huu, tukifungua unasukuma mkono, mkono unatupa mpira kapuni. Tunatupa sita kabla wao hawajatupa miwili. Tunajaza hadi baa nane."

"Baa nane?" Kiwandani walipima upepo kwa paundi, baa ilikuwa mahali pa kwenda baada ya mshahara, na baa nane ni nyingi hata kwa mtu mzima.

"Ndiyo, babu. Nguvu yake ni kama ya tairi nne za gari ndogo zikijumlishwa. Tunasubiri saini yako tu ndipo tujaze."

Akamsogezea fomu na kalamu. Boniventura aliishika kalamu, akainama kuutazama mtungi kwa heshima, kwa sababu ulikuwa umependeza. Ulikuwa wa plastiki nyeupe, mkubwa kiasi cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, umeng'arishwa, na ubavuni umeandikwa NKOLOLO kwa rangi nyekundu. Pua yake ikanusa kitu kabla macho hayajaona.

"Mmeuosha na nini?"

"Na tina, ile ya kuchanganyia rangi," alisema Flora kwa kujisifu. "Shule iliyotupatia ilikuwa imeuandika jina lake. Tumeusugua wiki nzima mpaka ukatakata."

Shingoni mwa mtungi, pale plastiki inapokutana na koki, kulikuwa na mistari. Ilikuwa myembamba, myeupe zaidi ya weupe wenyewe, imesambaa kama nywele zilizodondoka kwenye beseni. Ukipitisha ukucha huisikii. Mtu asiyewahi kuiona angedhani ni uchafu wa kitambaa.

Boniventura alikuwa amewahi kuiona. Mara moja tu, siku ya Alhamisi, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye bakuli la plastiki la chujio la upepo, pembeni ya mashine ya kushindilia pamba. Mboje alikuwa akiyaosha mabakuli yale kwa tina, kwa sababu grisi haitoki kwa maji. Boniventura alipita na mzani wake, akaiona ile mistari, akasimama, akajiuliza kama ni kawaida. Halafu akajijibu: mimi ni wa marobota, mambo ya upepo si idara yangu. Akaenda zake. Ijumaa bakuli lilipasuka Mboje akiwa ameliinamia.

Hakuwahi kumwambia mtu. Si mkewe, si padri.

Aliiweka kalamu mezani. "Sisaini."

Flora alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. "Babu, tumeshaujaza mara arobaini."

"Sisaini. Mtungi huu usijazwe."

"Kwa kanuni ipi, mzee wangu?" aliuliza Mwalimu Stephania, kwa adabu, huku akigeuza kurasa. "Nionyeshe tu ukurasa, ili niwaeleze." Boniventura naye akafungua mwongozo wake, akaukodolea macho, na kijana wa Maswa aliyekuwa nyuma yake akasema, kwa nia njema kabisa, "Mzee, umeugeuza juu chini."

Sasa pakawa hapana pa kujificha. Boniventura aliivua beji. Ilikwama kwenye koti, ikabidi Mwalimu Stephania amsaidie.

"Mimi si mkaguzi wa maroboti," alisema. "Roboti sijawahi kuligusa mpaka leo asubuhi. Mimi ni mkaguzi wa marobota. Ya pamba. Barua ilikosewa herufi."

Kicheko kilichotoka pale, wanaokumbuka wanasema kilisikika stendi. Wanafunzi wa Maswa walilala juu ya meza. Wa Zagayu walikuwa wanaulizana, "Unyevu! Ulisikia alivyouliza unyevu?" na kulia machozi. Mwalimu Stephania alijitahidi kwa sekunde tatu, kisha akajifunika uso na daftari. Mboje aliingia kutoka mlangoni kuona kuna nini. Mwalimu wa Lalago, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amembebea Boniventura kiti, alisema kwa sauti, "Basi mzee wa pamba apumzike, apewe soda, sisi tuendelee." Flora akafuta macho yake, akafunga mpira wa kompresa kwenye mtungi, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Boniventura hakujua kama miguu yake bado ina mbio hizo. Alifika ukutani kabla ya kidole cha Flora kufika kwenye swichi, akachomoa plagi, akasimama nayo, kashika waya kama mtu aliyetumwa kumchunga mbuzi wa watu.

"Babu! Rudisha!" Flora sasa alikuwa na machozi mengine, ya hasira. "Sisi tumekukosea nini? Tumefanya kazi miezi mitano!"

"Hamjanikosea." Mbele yake, juu ya vichwa vya watoto, alimwona Mboje na jicho lake moja, bado anatabasamu, hajajua. Boniventura alitamani ardhi immeze. Angeweza kusema ameota. Angeweza kusema ana kizunguzungu, akapewa ile soda. "Mnamwona yule mlinzi?" alisema. "Jicho lake lilitolewa na plastiki ya upepo iliyooshwa kwa tina. Ilikuwa na mistari kama hii ya kwenu. Mnajua nimeijuaje? Niliiona, siku moja kabla. Nilisimama nikaitazama kama ninavyotazama hii. Nikasema si idara yangu, nikaenda kupima marobota."

Hakuna aliyecheka tena. Mboje aliacha kutabasamu. Alimtazama rafiki yake kwa muda, akageuka, akatoka nje.

Boniventura alibaki na plagi mkononi. Alijua amempoteza, na alijua amestahili, na bado hakuiachia.

Mwalimu Stephania alikuwa mtu wa kucheka haraka na wa kuacha haraka. Aliusogelea mtungi, akavaa miwani yake, akaitazama mistari. "Ndugu zangu," alisema, "fizikia haiulizi mtu alikuwa idara gani. Maji ukiyabana kwenye chombo kikapasuka, yanamwagika. Upepo ukiubana unajikunja, na chombo kikipasuka unajikunjua wote kwa mpigo. Tuujaze nje. Ukivumilia, Nkololo watashindana."

Kabla hajamaliza, mlangoni palisikika mngurumo. Ni Mboje, anaviringisha pipa tupu la chuma la kukingia maji ya mvua. Hakumtazama Boniventura. Alilisimamisha nyuma ya vyoo, mbali na ukumbi, akautumbukiza mtungi ndani, akauunganisha na kompresa kwa mpira mrefu kuliko yote iliyokuwepo, akawaswaga watu wote nyuma ya ukuta kama ng'ombe.

Boniventura akairudisha plagi, kompresa ikanguruma. Flora alisoma geji. "Tatu... Nne..." Watu wakaziba masikio. "Sita... Saba..." Mwalimu wa Lalago alichuchumaa. "Nane." Flora akazima.

Hakikutokea kitu.

Walisubiri. Jogoo aliwika kwa jirani. Mwalimu wa Lalago alisimama, akajikung'uta suruali, akamtazama Boniventura kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko kicheko. "Mzee," alisema, "sasa?" Wasichana wa Nkololo wakaanza kushangilia, na Flora akachomoka mbio kwenda kuuchukua mtungi wake. Hatua ya pili hakuipiga. Mboje alimdaka kola ya sare, akamrudisha nyuma ya ukuta kwa nguvu, mpaka kifungo kikakatika.

"Bado, mayu," alisema. "Bakuli langu nalo lilinisubiri niiname."

Mlio ulipokuja haukuwa mlio wa kupasuka tairi. Ulikuwa mfupi na mkavu, na pipa liliruka kutoka chini likatua kwa ubavu, limetutumka kama lina mimba. Vipande vilipanda juu mpaka vikapotea machoni, kisha vikaanza kushuka juu ya bati la choo, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mgeni rasmi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anateremka kwenye gari lake upande wa pili, alirudi ndani ya gari, na gari likaondoka. Hakuonekana mpaka saa nane mchana. Mwalimu wa Lalago alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchicha wa watu. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya timu yake, akaanza kufungua mitungi yao miwili ya plastiki.

Flora alisimama na kifungo chake mkononi. Alilitazama pipa, akalitazama eneo ambalo hatua yake ya tatu ingefika. Kisha akaivuta miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa machoni, ingawa hapakuwa na kitu tena cha kupasuka. "Babu, samahani," alisema. Siku ile roboti la Nkololo lilicheza bila upepo, likisukuma mipira kwa kichwa kama ndama anayetafuta nyonyo, na likawa la mwisho. Wasichana walilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kila mmoja alilia kwa macho mawili.

Lakini hayo yalikuwa ya alasiri. Wakati ule, watu waliporudi ukumbini, nyuma ya vyoo walibaki wazee wawili na pipa lililoharibika. Mboje aliketi juu yake. Boniventura alibaki amesimama, hakuona kama ana haki ya kukaa.

"Ungesema, Boni," alisema Mboje.

"Ningesema."

"Miaka kumi na moja nalala najilaumu mwenyewe. Nani aliniambia nioshe kwa tina? Ni mimi niliyejiona mjanja." Aliokota kipande cha plastiki, akakigeuzageuza karibu na jicho lake zima. "Na wewe kila Krismasi unaniletea jogoo. Nyanjige anapika, tunakula, tunacheka. Mimi nasema, huyu mtu ananipenda kweli. Kumbe unalipa jicho kwa jogoo."

"Nakupenda, Mboje. Na nilikuwa nalipa. Yote mawili."

Mboje alitafakari. Boniventura alingoja kama anayengoja hukumu, na kwa kweli ilikuwa hukumu, na hakuna nyingine aliyoiogopa zaidi maishani mwake.

"Jogoo kumi na mmoja," alisema Mboje mwishoni. "Jicho haliwi jogoo, Boni. Mwaka huu lete beberu. Na nimekasirika, usidhani sijakasirika. Nitakasirika mpaka Pasaka."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Kaa kwanza, unanizibia jua."

Boniventura akakaa, na pipa likalia chini yao. Hawajakaa sana, Mwalimu Stephania akachungulia kutoka kona ya ukuta, beji mkononi. Alikuwa na haya kidogo. "Mzee wangu," alisema, "imebaki meza ya tano. Wale vijana wamekataa kuwasha chochote. Wanasema mpaka Mkaguzi afike."

Boniventura alimtazama Mboje. Hakuinuka.

"Nenda," alisema Mboje, akamsukuma kwa bega. Kisha naye akainuka, akajikung'uta kutu kwenye suruali, akatangulia. "Twende wote. Safari hii tutaangalia kwa macho matatu."